Waya wa Pikapu ya Papa Sadoki

Wiki iliyopita mlinikatia keki, mkanisimamisha katikati ya gereji ya Lackawanna, mkasema Papa Asukulu aseme neno. Sikusema. Mlidhani ni machozi. Kwa kweli ilikuwa ile sukari ya juu ya keki, ilinata kwenye meno yangu ya bandia, na mtu hawezi kuaga wenzake huku ulimi unafanya kazi nyingine. Basi neno lenyewe ni hili, nimeliandika nyumbani kwangu Kensington-Bailey, hapa Buffalo, bila mtu wa kuniharakisha. Mishahara sitaigusa. Nani alipandishwa cheo na nani alinung'unika, hayo nayo yapite. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyojifunza kazi hii nikiwa tayari mzee, na ni nani aliyenifundisha.

Nilifika Louisville na miaka hamsini na saba, mimi na mke wangu Mama Neema. Ilikuwa 2014. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa redio, kwanza mjini Baraka, kule Kivu, kisha kambini Tanzania kwa miaka kumi na saba. Kule kambini ndiko nilikopata Kiswahili hiki cha kuandikia. Cha kusemea kimebaki kile kile cha Kivu. Wenzangu wote walipelekwa kwenye maghala ya kupakia masanduku. Mimi mgongo ulikataa siku ya tatu. Ndipo yule dada aliyekuwa anatutafutia kazi akasoma karatasi yangu, akaona neno "redio", akanipeleka kwenye gereji ndogo ya mzee mmoja wa pale Kentucky aliyeitwa Harlan.

Gereji ya Bwana Harlan ilikuwa na kazi moja ya pekee. Watu walinunua pikapu kuukuu, zilizokwisha kubeba mbao na mbolea na ng'ombe, wakazileta pale ziongezewe nguvu kidogo ya injini na muziki mzuri. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wanaoendesha mbali kwenda kazini na hawakutaka kulala usingizi njiani.

Siku ya kwanza Bwana Harlan alinyoosha kidole kuelekea pikapu ya kijani. Chini yake palitokeza miguu miwili ndani ya buti. Nikasogea, nikaamkia ile miguu kwa Kiingereza changu cha darasani. Ikajibu kwa Kiswahili.

"Jambo, Papa. Weye njo mutu wa radio?"

"Ni mimi. Namtafuta mkubwa wa kazi."

"Ni mie," miguu ikasema. Kisha akatoka mzima mzima: msichana wa miaka ishirini na sita, uso umejaa vumbi la kutu, kitambaa kichwani. "Naitwa Riziki. Bon, ovaroli iko pale kwa ukuta. Vaa, Papa, ukuje unishikie taa."

Nina binti anayemzidi umri. Nilivaa ovaroli nikijiambia kwamba nitashika taa siku mbili, kisha huyu mtoto ataona mimi ni nani. Nilishika taa miezi minne.

Riziki alitoka Kivu ya Kusini akiwa na miaka tisa. Alisomea ufundi wa magari Louisville hapo hapo, akiwa msichana pekee darasani, na Bwana Harlan alimchukua kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, ndiye pekee aliyerudisha spana mahali pake. Kila mteja akija na wazo la kununua hiki na kile ili gari liwe na nguvu, Riziki alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia mimi pembeni:

"Papa, hii motere haiombe nguvu mpya. Inaomba kwanza tuirudishie ile ya zamani."

Motere ni injini, kwa wale wenu ambao si wa Kivu. Na alisema kweli. Tulianza na plagi mpya. Tukabadilisha chujio la hewa lililogeuka jeusi kama chungu. Tukafungua ule mlango mdogo ambamo hewa inaingilia injini, tukasugua masizi yake kwa brashi ya meno. Baada ya hapo tu ndipo alipoweka bomba pana la kuvutia hewa na ekzosi iliyo wazi zaidi. Mteja alirudi kutoka kujaribu gari akiwa anacheka peke yake. Aliamini ni lile bomba linalong'aa ndilo lililofanya kazi. Tulimwacha aamini, ndilo alilokuwa anawaonyesha jirani zake.

Upande wa muziki ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nilidhani unanunua spika kubwa, unafunga, umemaliza. Riziki alinipeleka kwenye mlango wa pikapu iliyovuliwa ngozi ya ndani, akagonga bati kwa kidole. Lililia kama sufuria. Akabandika ndani yake shuka nzito za lami, akazikandamiza kwa mwiko wa mbao, akagonga tena. Safari hii likalia kama meza. "Spika inaimba sawasawa na nyumba yake," akasema. Miaka thelathini nimetengeneza redio, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo kwa ufupi namna ile.

Jambo moja kuhusu yeye nilichelewa kulielewa. Hakuwahi kunisahihisha. Vijana wengine wa gereji aliwasahihisha waziwazi: alipita nyuma yao akivuta kila waya, akitikisa kila bomba, akisema rudia. Kwangu haikuwa hivyo. Siku moja pikapu iliingia ikitoka barabarani, nami nikashika spana ya plagi papo hapo nizifungue. Akasema, "Papa, tukunywe kwanza chai." Tukanywa. Jambo hilo lilijirudia mara nyingi hivi kwamba nilimwambia Mama Neema bosi wangu anapenda chai kupita kiasi. Ilipita karibu mwaka ndipo nikasoma kwenye kitabu cha mafundi kwamba kichwa cha injini ya aina ile kikiwa cha moto, ukifungua plagi unaweza kung'oa na nyuzi za tundu inamokaa. Hakupenda chai hata kidogo. Alikuwa anasubiri injini ipoe, na hakutaka kumwambia mzee hajui.

Nami nilikuwa na langu. Mikono yangu inajua kulehemu. Viungo vya nyaya ambavyo wengine waliviminya kwa koleo, mimi nilivilehemu vikang'aa kama tone la maji. Riziki alikuwa akiwaita wateja waje kutazama. "Angalieni kazi ya Papa," anasema, na mimi najifanya sisikii.

Mwaka uliofuata Riziki aliamua kufungua gereji yake mwenyewe. Kaka yake alikuwa anakaa Reynoldsburg, kule mashariki mwa Columbus, Ohio, na Wakongomani wengi walikuwa wamehamia huko kwa ajili ya kazi za maghala. Alikuja nyumbani kwetu Jumapili baada ya ibada, akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Papa, Mama, siko na mengi ya kuwapa. Iko nafasi ya magari mawili, na choo moja. Lakini nataka tufanye pamoja."

Mama Neema akaniangalia. "Wewe unanitazamia nini?" akaniambia. "Nguo zako za kazi ni mbili tu, zikunje."

Huko Reynoldsburg ndiko kulikotokea kisa ninachotaka mkijue. Watu walikuwa wanasema. Wanaume wa kwetu, wanaomwachia mwanamke kubeba gunia la unga kilomita kumi, walishangaa mwanamke kushika injini. Wa kwanza kumwamini alikuwa Papa Sadoki, kiongozi wa kwaya, mtu wa heshima, anayefanya kazi ghalani. Alinunua pikapu yenye zaidi ya maili laki moja na nusu. Binti yake alikuwa anaolewa Buffalo, na Papa Sadoki alitaka kuvuta trela yenye vyombo vyote vya kwaya hadi huko. Tena alitaka muziki wa nguvu, kwa sababu kwaya ingefanya mazoezi njiani ikifuata sauti ya muziki huo.

Tuliifanya kwa siku tatu. Injini aliichukua Riziki. Muziki niliuchukua mimi. Amplifaya, kile chombo cha kukuza sauti, ilihitaji waya mnene unaotoka kwenye betri, unapita ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva, unaingia ndani hadi nyuma ya kiti. Mnajua, kwa sababu nimewapigia kelele sana juu ya hili, kwamba tundu la ukuta ule huvalishwa pete ya mpira ili chuma kisile waya. Pete zilikuwa zimekwisha dukani. Duka la karibu lilikuwa dakika kumi. Nilifunga utepe mweusi mara tano kuzunguka waya, nikasema, itatosha. Na fyuzi, ile inayokata umeme waya ukigusa chuma, badala ya kuiweka karibu na betri, niliiweka chini ya kiti, mahali ambapo Papa Sadoki angeifikia bila kuinama sana. Nilijiona nina huruma.

Riziki alikuja, akaangalia viungo vyangu vilivyong'aa, akasema, "Kazi ya Papa." Hakuvuta waya. Hakuinama kuangalia tundu. Akafanya lile alilofanya kwa kila gari lililotoka kwake: akaweka spana ndogo namba kumi kwenye droo ya mbele, akamkabidhi Papa Sadoki funguo.

Ijumaa asubuhi waliondoka, pikapu mbele ikiwa na Papa Sadoki, mkewe na watoto wao wadogo, magari mawili ya kwaya nyuma. Saa saba mchana simu ya Riziki ikalia. Niliisikia sauti ya Papa Sadoki kutoka nilipokuwa nimesimama.

"Moshi! Gari inatoa moshi ndani!"

"Papa Sadoki, zima gari," Riziki akasema, na sauti yake haikupanda. "Watu wote watoke inje. Umezima? Bon. Mama iko wapi? Mupe Mama simu."

Mama Sadoki anatunza wazee kwenye nyumba ya wagonjwa. Ni mtu ambaye ameona mengi na hapigi kelele.

"Mama, kwa droo ya mbele kuko spana kidogo. Fungua kapo ya gari, ule mufuniko wa motere. Unaona batri? Ile waya nyeusi, si nyekundu. Funga kitenge ku mukono, legeza ile nati, uitoe kabisa."

Tulisubiri. Nilisikia upepo wa barabara kuu ndani ya simu, na watu wa kwaya wakiomba. Kisha Mama Sadoki akasema, "Imetoka." Na baada ya kitambo, "Moshi inapungua."

Riziki alikuwa na mteja, lakini alifunga gereji. Alimwomba radhi, akamtoa, akatia vifaa garini, tukaenda. Walikuwa wamekwama kwenye kituo cha mafuta karibu na Erie, zaidi ya saa tatu kutoka kwetu. Riziki aliendesha hadi tukapita Cleveland. Mimi nilikuwa naliona lile tundu mbele ya macho yangu, na utepe mara tano.

"Riziki," nikasema, "pete zilikuwa zimekwisha. Nilifunga utepe. Ni mimi."

"Najua, Papa." Aliendelea kuangalia barabara. "Nilijua pale Papa Sadoki alisema moshi iko kwa miguu yake. Lakini mie nilikuwa wapi? Kazi ya kila mutu ninaangaliaka. Yako siangaliake. Ninaonaka haya. Nilisema, huyu ni baba, nitamuvutia waya namna gani mbele ya watu?" Akalipita lori moja. "Watoto wa ule mama walikuwa mu gari, Papa. Juu ya haya yangu."

Nikaanza kuhesabu vifaa tulivyotia garini.

Tulipofika, Papa Sadoki alikuwa amesimama kando ya pikapu na suti yake ya safari. Zulia la chini lilikuwa jeusi, limeungua tundu la ukubwa wa sahani. Hakutusalimia.

"Riziki, mutoto wangu, mie nilikutetea," akasema. "Watu walisema ati gereji ya mwanamuke. Nikawaambia hapana, ule anajua kazi. Sasa ona."

"Papa, kosa ni ya gereji yangu," Riziki akaanza.

Nilivua kofia. Nikamwambia Papa Sadoki kwamba mkono uliofunga waya ule ni wangu, kwamba pete zilikwisha nami nikaona uvivu kutembea dakika kumi, na kwamba yule binti aliniamini kwa sababu ya mvi zangu. Nikasema kama anataka kusema gereji ya mwanamke iliunguza gari lake, aseme ukweli wote: mwanamume ndiye aliyeliunguza, na mwanamke ndiye aliyelizima kwa simu. Watu wa kwaya waliacha kula biskuti.

Mama Sadoki ndiye aliyemaliza. "Bon," akasema, "harusi ni kesho. Mulikuja kuomba samahani ama kutengeneza gari? Mufanye yote mbili, lakini muanze na gari."

Tulianza na gari. Riziki alilala chini ya dashibodi, akapima kila waya wa kiwandani kwa mita, mmoja mmoja, akinisomea namba nami nikiziandika kwenye mfuko wa karatasi wa mkate. Nyaya za gari lenyewe zilikuwa salama. Ni ule wangu tu ulioungua: chuma kilikula utepe, na fyuzi ilikuwa mbali mno kuukata umeme. Tuliutoa wote. Tukarudisha waya wa betri, injini ikawaka mara moja, na ikavuta lile trela kuelekea Buffalo kama haibebi kitu. Injini yake haikuwa na dosari, hilo niliandike hapa. Waliimba bila amplifaya. Sisi tulifuata nyuma.

Kesho yake asubuhi, kwenye maegesho ya kanisa, nilifunga waya mpya. Pete ya mpira tuliinunua Buffalo, na fyuzi niliiweka shubiri moja kutoka kwenye betri. Nilipomaliza nikamwita Riziki. Alikuwa tayari amevaa gauni la kuazima. Akapiga magoti kwenye lami na gauni lile, akavuta waya kwa nguvu, akaingiza kidole kwenye tundu akaizungusha pete, akasimama. "Iko sawa," akasema, na akaingia kanisani akipangusa magoti.

Bibi harusi alitoka na pikapu ile, vioo vimeshushwa, muziki unasikika hadi mtaa wa pili, na bati la milango halikulia hata mara moja. Kwenye karamu Papa Sadoki alichukua maikrofoni. Nikainamia sahani yangu. Akasimulia yote, moshi, utepe, jina langu, kila kitu. Akamaliza hivi: "Mafundi wengine gari ikiwaka wanazima simu. Hawa walifunga duka wakakuja." Columbus ilizipokea habari zote mbili, ya moshi na ya kufunga duka tukaja. Wateja wawili walifuta miadi, na wengine wakaja, wakisema wazi kwamba wanamtaka Riziki na si mzee. Nikaona ni haki.

Kwenye karamu hiyo hiyo niliketi karibu na bosi wenu, ambaye aliniuliza kwa nini fundi mzee alikuwa ametambaa kwenye maegesho ya kanisa siku ya harusi. Nilimweleza. Akasema nikichoka Ohio nimtafute Lackawanna. Ndivyo nilivyofika kwenu baadaye, nilipotaka kuwa karibu na wajukuu. Ya Lackawanna sitayaandika. Mnayajua, na mengine mliyasababisha.

Nimalizie na Jumatatu iliyofuata harusi. Nilifika gereji mapema, nimekwisha kupanga la kusema: nitaacha kazi, au nitarudi kushika taa. Riziki alikuwa amefika kabla yangu. Hakunipa nafasi.

"Papa, tangu leo nitaangalia kazi yako. Mbele yako, na mbele ya mteja kama yuko. Na weye utaangalia yangu. Kama itakuuma, uniambie sasa."

Nikasema itaniuma.

"Na mie itaniuma," akasema. "Basi, donc, tuko sawa."

Kulikuwa na pikapu nyekundu siku ile. Yeye bomba la hewa, mimi spika za milango. Alipomaliza alisogea kando, akanipa taa. Sikuwahi kukagua kazi ya Riziki. Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba haina cha kukaguliwa. Nikapitisha mkono polepole kwenye lile bomba, kutoka kwenye chujio hadi kwenye injini, na kule mwisho, nyuma, mahali ambapo jicho halifiki, mkanda wa chuma unaobana bomba ulizunguka kidoleni mwangu. Haukuwa umekazwa.

Mteja alikuwa amesimama pale pale na kikombe chake. Nilikaa na kidole changu juu ya ule mkanda, nikitafuta njia ya kulisema.

"Riziki," nikasema, "huu umelegea."

Akachukua bisibisi, akainama, akaukaza. Akautikisa mara mbili.

"Asante, Papa," akasema, na akavuta mlango wa kwanza wa spika zangu ili aanze kukagua.